Mafunzo ya jioni ya fizikia ya kisasa, Mtwara mjini: uhusianifu umefundishwa vyema, kwanta imekimbizwa

Nimehudhuria jioni zote sita za mafunzo haya, nami kama mwalimu wa sekondari ninawashauri wanafunzi wa kidato cha sita na walimu wenzangu wajiandikishe, hasa kwa ajili ya jioni nne za mwanzo, zile za uhusianifu, yaani nadharia ya jinsi vipimo vya muda na urefu hutegemea mwendo wa anayepima.

Mkufunzi alianzia kwenye pantoni ya Msangamkuu. Mwendo wa abiria anayetembea kuelekea mbele, kwa mtu aliyesimama ufukweni, hujumlishwa na mwendo wa chombo. Lakini abiria huyo akiwasha tochi, nuru yake haipati nyongeza yoyote, kwani wote wawili wakiipima watapata kilometa 299,792 na ushei kwa sekunde. Alituacha tuhangaike kwanza, ndipo akatufikisha kwenye hoja ya Albert Einstein ya mwaka 1905: mwendo wa nuru usipobadilika, vipimo vya muda na urefu ndivyo vinavyobadilika.

Somo nililolithamini kuliko yote lilihusu muoni, chembe zinazozaliwa kiasi cha kilometa 15 juu yetu miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Muoni hudumu kwa wastani wa maikrosekunde 2.2, muda ambao hata kwa mwendo wa nuru ungetosha mita 660 tu, na bado nyingi hufika ardhini. Tulikokotoa wenyewe kwamba, ikienda kwa asilimia 99.8 ya mwendo wa nuru, uhai wake kwa saa zetu hurefuka karibu mara 16, na safari yake huvuka kilometa 10. Sijapata kuona darasa likinyamaza vile.

Kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama elektroni, ilipewa jioni mbili pekee. Ilielezwa vizuri kwamba mwanga mwekundu, hata uwe mkali kiasi gani, hauchomoi elektroni kwenye zinki, ilhali urujuanimno (mwanga usioonekana, uliopita urujuani) hafifu huzichomoa, kwa sababu nishati ya kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, hutegemea frikwensi ya mwanga huo. Jaribio la matundu mawili, hata hivyo, lilipitiwa kwa dakika kumi. Kwamba elektroni zikirushwa moja moja kupitia matundu hayo, kila moja huacha nukta kwenye kiwambo, na nukta hizo zikikusanyika huchora mistari kama ya mawimbi yanayoingiliana, ni jambo lililostahili jioni nzima.

Njoo na kikokotoo, na upitie vipeo vya pili mapema. Ubao hufutwa haraka.