Mota ya dishi ya bei nafuu hapa Malindi: uzoefu wangu

Mota za bei nafuu za kuzungushia dishi zinafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu hapa mjini zimeshapewa jina baya, na mafundi wengine hawataki hata kuzigusa. Ila zimetengenezewa watu wa nchi za mbali na ikweta, wenye hewa isiyo na chumvi, na karibu kila tabu niliyoipata imetoka kwenye mambo hayo mawili.

Yangu ni ile ndogo ya kawaida, ya kubeba dishi lisilozidi sentimita 90. Haihitaji waya wa pekee, maana umeme na amri vyote vinapita kwenye waya uleule wa LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Lugha ya amri hizo ni DiSEqC, iliyobuniwa na Eutelsat, na juu yake kuna USALS ya kampuni ya Italia iitwayo STAB: unaiandikia resiva latitudo na longitudo ya kwako, nayo inapiga hesabu ya kila setilaiti. Nilinunua kwa sababu nyumbani kila mtu ana matakwa yake. Mama anataka chaneli za Kiarabu, wapwa zangu wanataka mpira, nami napenda kutafuta chaneli mpya za bure. Kabla ya hapo, kuhama setilaiti kulimaanisha kupanda juu na spana.

Sasa hili la ikweta, na hapa ndipo maelezo yanayokuja na boksi hayasaidii kitu. Malindi iko digrii 3.2 hivi kusini, longitudo 40 mashariki. Setilaiti za televisheni zimejipanga juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kila moja inatajwa kwa longitudo iliyo chini yake. Mtu wa Ulaya anaziona zimeinama upande wa kusini. Sisi msitari wao unatupita utosini, mashariki hadi magharibi. Ile ya digrii 36 mashariki wanayoitumia DStv, kwetu ina mwinuko wa digrii 84, yaani dishi linaangalia juu kabisa. Ya digrii 7 mashariki, ya Azam, inateremka hadi 51 hivi. Ya 68.5 mashariki iko kwenye 57.

Kwa hiyo mhimili wa mota, ambao Ulaya unasimama mshazari, hapa lazima ulazwe, ubaki umeinuka kidogo tu. Kibano cha mota yangu kilikuwa na vipimo vilivyoishia mbali kabla ya kufika kwenye latitudo yetu. Fundi wa kuchomelea alitupindia paipu ili mota ipate mlalo wake. Ilikubali, lakini paipu iliyopindwa ina gharama yake: ukilegeza bolti kurekebisha upande, mwinuko nao unaharibika, kwa hiyo kutega kunachukua muda mrefu kuliko kwenye mlingoti ulionyooka. Fundi wa dishi aliniambia, "Kaka, hii ni kazi ya subira, usinihesabie saa." Alisema kweli, na malipo yake aliyastahili.

Jambo ambalo sijasikia likisemwa na wauzaji ni uzito. Mhimili ukiwa umelala, mota inalinyanyua dishi zima kila linaporudi kutoka pembeni kwenda juu. Giya zinabeba mzigo mkubwa kuliko zinavyobeba Ulaya. Cha ajabu, huko pembeni ndiko picha inakotulia zaidi, kwa sababu uzito wa dishi unazivuta giya upande mmoja na ulegevu wake hauonekani. Dishi likifika utosini, uzito unalingana pande zote, hakuna kinachozikaza giya, na ule ulegevu mdogo unaachiwa upepo. Dishi la sentimita 90 linaona upana wa digrii 2 hivi tu za anga kwenye masafa ya Ku, ndiyo ya setilaiti hizi. Likitikisika digrii moja, picha inaanza kukatika vipande. Kusi ikivuma mwezi wa Julai, setilaiti za pembeni kwangu zinashika vizuri, na zile za karibu na digrii 36 hadi 40 zinasumbua jioni nzima. Inaniuma, kwa sababu hizo za utosini ndizo tunazozitumia sana.

(Na ikweta hiyohiyo ndiyo iliyowaleta Waitaliano hapo Ngomeni, kaskazini kwetu. Kutoka kwenye majukwaa yao ya baharini walirusha setilaiti ya San Marco 2 mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa Uhuru, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Roketi inanufaika na mzunguko wa dunia ikiwa ikweta. Mota ya dishi hainufaiki na chochote.)

USALS yenyewe haijanisumbua. La kuangalia ni herufi moja tu: resiva nyingi huja zimewekwa N (kaskazini) kwenye latitudo, nasi tuko S (kusini). Ikibaki N, mota inazunguka kinyume, ukitaka mashariki inakwenda magharibi. Stima ikikatika mota ikiwa njiani ni tabu nyingine. Ile yangu inapoteza hesabu ya mahali ilipo, na lazima irudishwe sifuri kwa kitufe cha kwenye mota yenyewe. Nimeiwekea resiva betri ndogo ya akiba, na tatizo limepungua sana.

Chumvi ndiyo inayoua. Nakaa Shella ya hapa Malindi, bahari iko karibu, na mvua za masika zinapiga kwa ubavu. Bolti zilizokuja na mota zilishika kutu kabla ya kitu kingine chochote, tukatia za stenlesi. Tundu la kutolea maji, ambalo kwa Ulaya linakaa chini, kwa mlalo wetu liligeukia ubavuni, na maji yakabaki ndani. Tuliliziba, tukatoboa jingine upande wa chini. Kwenye konekta tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Silikoni inayonuka siki usiikaribishe, asidi yake inaila shaba. Na waya uwe wa shaba tupu ndani. Ule wa rahisi ni chuma kilichopakwa shaba, na ukiwa mrefu unapunguza volti hadi mota inasuasua, watu wakadhani mota imekufa.

Rafiki yangu wa mtaa wa Barani ana mota kama hii hii. Kule bahari iko mbali, nyumba zinakinga upepo, na yake haijawahi kufunguliwa. Nikilinganisha hizi mbili naona wazi kwamba mashine si mbovu.

Kwa hiyo, ukiwa ndani ya mji na setilaiti unazozitaka ziko pembeni, nunua bila hofu. Ukiwa ufukweni, au unachotazama kila siku kiko utosini, madishi mawili ya kudumu na swichi ya DiSEqC ya kuchagua kati yao yatakutuliza zaidi, na bei inakaribiana ukihesabu paipu, bolti na fundi. Walio Lamu nawashauri hivyo hivyo, kwa sababu wako karibu na ikweta kuliko sisi na upepo wa bahari wanao wa kutosha.

Dukani, kabla ya kulipa, ushike mti wa mota, ule unaobeba dishi, kwa mkono na uutikise. Ukicheza kwa namna unayoweza kuiona kwa macho, rudisha. Kisha soma vipimo vya kibano: vikianzia digrii 20 na kuendelea, jua fundi wa kuchomelea yuko njiani.

Mimi mota sijaing'oa. Setilaiti ya utosini nimeitengea dishi lake lisilozunguka, swichi ikae kati ya resiva na mota, na mota nimeiachia kazi ya pembeni, ambako uzito unaishikilia. Tangu hapo mama hajaniita kuhusu picha.