Hisa ya mboga za shambani Massachusetts: hela inarudi, ila kwa anayepika

Wenzangu wa hapa Springfield wananiuliza kila majira ya baridi, usajili ukifunguliwa, kama kununua hisa ya mboga shambani kunalipa. Kunalipa, kama nyumbani kwako jiko linawashwa kila siku. Kama mnaishi kwa piza na kuku wa kukaanga, mtakuwa mnatupa mboga kila wiki.

Shamba ninalonunua hisa liko bonde la mto Connecticut. Unalipa mapema, mbegu hata hazijaingia ardhini. Mimi natoa kama dola 600 kwa msimu wa Juni mpaka Oktoba, halafu kila wiki unakwenda na mfuko wako kuchukua fungu. Kwa Marekani mtindo huu ulianza mwaka 1986, kwenye shamba la Indian Line papa hapa Massachusetts na la Temple-Wilton kule New Hampshire. Mwanachama na mkulima wanabeba msimu pamoja, neema na hasara. Julai 2023 mto ulipofurika tuliona hasara yenyewe: mboga ikishaguswa na maji ya mafuriko hairuhusiwi kuuzwa, hata ikionekana nzima. Mifuko yetu ikawa myepesi wiki nyingi, na hakuna aliyerudishiwa senti. Anayetaka kila dola yake ipimwe kwa kilo aende zake supamaketi.

Juni ni majani matupu: saladi, figili, sukuma wiki, na spinachi yenye mashina mekundu na ya njano. Kuna pia kohlrabi, kitu cha mviringo cha kijani ambacho sikuwahi kukiona Tanga. Imenye, ikwangue pamoja na karoti, tia ndimu na pilipili, ni kachumbari safi kabisa. Agosti ndiyo raha. Nyanya zimeivia mtini, ukizipika rojo linakuja lenyewe bila tomato ya kopo. Zukini, vile viboga virefu vya kijani, ndizo zinazochosha kwa wingi! Afadhali pale pa kuchukulia pana kreti la kubadilishana: unaacha usichokitaka, unabeba alichoacha mwenzio.

Kilichonifunga na shamba hili ni matembele. Wao wanalima viazi vitamu kwa ajili ya viazi, majani hawana habari nayo. Nikamwomba mkulima. Akanipeleka mwenyewe kwenye tuta, akasema nichume vikonyo vya juu tu, kidogo kidogo, mzizi usidhoofike. Nikavipika kwa tui na karanga za kusaga. Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alipoonja hakuuliza bei, aliuliza siku ya kwenda.

Kero ninazo. Muda wa kuchukua ni jioni moja tu kwa wiki, na bila gari hufiki. Vitunguu maji vinachelewa sana. Bamia ni chache, mchicha haupo kabisa.

Wenye kadi ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, waulize kwanza kama shamba limo kwenye mpango wa HIP wa jimbo, maana hela unayotumia kwa mboga inarudishwa kwenye kadi, hadi kikomo cha mwezi. Na msikimbilie hisa kamili: watu wawili watatu nusu inawatosha. Mimi na huyo jirani tunachukua moja na kugawana, yeye biringanya zote, mimi mahindi.