Nyumba ya Robert Burns, Alloway: Kutoka Kilabu cha Pombe hadi Makumbusho

Anayefika Alloway, kijiji kilicho kama kilomita 3 kusini mwa mji wa Ayr, magharibi mwa Uskoti, huja kuona nyumba alimozaliwa malenga Robert Burns tarehe 25 Januari 1759, na ni rahisi kusahau kwamba nyumba hiyo hiyo ilikuwa kilabu cha pombe na kituo cha wasafiri kwa miaka mingi zaidi kuliko ilivyokuwa makazi ya familia yake. Kwa maoni yangu, miaka hiyo ya kilabu ndiyo iliyoiokoa isibomoke, na mgeni anayeijua habari hiyo atafaidi zaidi ziara yake.

Baba wa malenga, William Burnes, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe mwaka 1757. Kuta zake ni za udongo na zimepakwa chokaa, paa limeezekwa nyasi, na vyumba vinne vimefuatana kwa mstari mmoja, watu wakilala upande huu na ng'ombe upande ule. Chumba cha kukaa nacho kwa utulivu ni jikoni. Humo mna kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta, kama kabati lisilo na milango, karibu na moto ili wenye kulala wapate joto. Hapo ndipo Burns alipozaliwa. Siku chache baadaye dhoruba iliangusha sehemu ya ukuta wa mwisho wa nyumba, na mama na mtoto wakakimbizwa kwa jirani. Ukisimama mbele ya kitanda hicho na kuona jinsi nafasi ilivyo finyu, unaelewa papo hapo kwamba umaskini unaosimuliwa katika mashairi yake haukuwa wa kubuni.

Familia ilihama mwaka 1766, na mwaka 1781 nyumba ikauzwa kwa chama cha washona viatu wa Ayr. Ndipo ikageuzwa kilabu. Burns alipofariki mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 37, jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma, na watu wakaanza kuja kunywa palepale alipozaliwa. Miongoni mwao alikuwa mshairi wa Kiingereza John Keats, aliyefika Julai 1818, akanywa wiski na kutunga shairi humo ndani, kisha akamwandikia rafiki yake barua ya kumlalamikia vikali mzee aliyeendesha kilabu, ambaye alijigamba kwamba alimjua Burns na hakuacha kupiga soga wala kunywa. Naipenda sana barua hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba heshima kwa malenga ilianzia kwa walevi wenye masimulizi, muda mrefu kabla ya wataalamu wa makumbusho kufika. Mwaka 1881 wadhamini wa mnara wa kumbukumbu ya Burns waliinunua kwa pauni 4,000, wakafunga kilabu na kuirejesha katika sura yake ya awali. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa ningefurahi kama angalau kona moja ingeachwa na meza na vikombe vya wanywaji wa zamani. Jaribio la kuilipua lililofanywa Julai 1914 na wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura lilizimwa na mlinzi wa usiku.

Njia ya miguu hutoka hapo hadi jengo jipya la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2010 chini ya National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa Uskoti, na njiani kuna sanamu kubwa ya panya, kumbukumbu ya shairi ambalo Burns alimwomba radhi panya aliyevunjiwa kiota kwa jembe. Ndani ya jengo hilo ndimo penye hazina yenyewe: maandishi ya mkono wake, pamoja na kitabu chake cha kwanza kilichochapwa Kilmarnock mwaka 1786, nakala 612 tu. Msomaji wa tungo za Muyaka, aliyetunga kwa Kimvita, hatashangaa kuona fahari ambayo Burns aliiweka katika lugha ya watu wa kwao, Kiskoti.

Jambo moja linalohitaji kutazamwa bila kukwepa ni kwamba mwaka huo huo wa 1786 Burns alikuwa amejiandaa kusafiri hadi Jamaika kufanya kazi ya ukarani katika shamba la watumwa, na mafanikio ya kitabu ndiyo yaliyombakiza nyumbani. Kwa mtu wa pwani yetu, aliyekua akisikia habari za soko la watumwa la Zanzibar, habari hii inauma, hasa inapotoka kwa mtunzi aliyeimba usawa wa binadamu. Ningemshauri kila mgeni aulize juu yake.

Anza na nyumba ya udongo, kisha makumbusho, na ubakize muda wa kutosha kwa magofu ya kanisa alikozikwa baba yake na kwa daraja la kale la mto Doon, ambavyo vyote vinafikika kwa miguu. Wakati wa baridi giza huingia mapema sana, kwa hiyo fika asubuhi, na uhakikishe saa za kufunguliwa kabla ya kupanda treni ya Glasgow kwenda Ayr.