IETF: mlango uko wazi kweli, ila watu wa sera mje mapema

Nimefuatilia mikutano ya IETF (Internet Engineering Task Force, jumuiya ya wahandisi wa intaneti) kwa mtandao mara kadhaa sasa, nikaona niwaandikie hasa nyie mnaofanya kazi za sera maana ndo mnaokosa zaidi. IETF naipa nyota nne kati ya tano.

Hawa ndo wanaoandika viwango vya intaneti, yaani kanuni za kiufundi zinazofanya vifaa vielewane, tangu 1986. Hamna uanachama wala kura, hata kama umetoka serikalini pale unahesabika mtu mmoja kama wengine, inapimwa hoja sio cheo. Kilichonishika ni pale mwenyekiti wa kikundi kinachoandika kiwango anapotaka kujua watu wameegemea wapi, anasema wanaokubali mgune, ukumbi mzima unaguna mmmm midomo imefungwa, alafu zamu ya wanaopinga, na wakiwa wachache hawapuuzwi, wanaulizwa shida iko wapi hasa. RFC 7282 (RFC ndo hati zao zinazochapishwa, kila moja na namba yake) inasema kabisa watano wakikubali na mia wakapinga bado yanaweza kuwa makubaliano, cha muhimu pingamizi ziwe zimejibiwa. Mimi nimeupenda sana utaratibu huu.

Ni polepole, hilo mjue. TLS 1.3, kiwango kinacholinda mawasiliano yako ukifungua tovuti ya benki, ilipita rasimu 28 ndo ikatoka kama RFC 8446 mwaka 2018. Lakini RFC zote ni bure, unashusha unasoma.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya vifupisho jamani, mgeni anaweza kukaa siku nzima hajui wanabishania nini. Internet Society, shirika linaloiunga mkono IETF, imekuwa na mpango wa kuwaleta watunga sera kwenye mikutano na kuwaelekeza, kama unaweza kuupata usiuache.

Sasa kinachoniuma, wengi wa serikalini wanakuja kiwango kimeshatoka na programu zimeshabadilishwa, alafu wanadai iwekwe njia ya kunasa mawasiliano. Hilo IETF ilishasema haitalizingatia, kwenye RFC 2804 mwaka 2000, na RFC 7258 ya 2014 inaita ufuatiliaji wa watu wote kwa jumla shambulio. Njooni na tatizo lenyewe, nani anaumia na anaumiaje, wahandisi wanasikiliza sana mtu akija hivyo kuliko akija na amri mkononi.

Ukishusha rasimu anza na sehemu ya usalama, alafu angalia tarehe ya kuisha pale ukurasa wa kwanza, rasimu inaishi miezi 6 tu isipohuishwa. Kama tarehe haijapita na kikundi bado kinaijadili, andika maoni yako wiki hiyo hiyo.