Foglaiti au spotilaiti: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, ukaulizia taa za kufunga kwenye bampa, utatolewa maboksi kadhaa na yote utaambiwa ni foglaiti. Baadhi ni foglaiti kweli. Nyingine ni spotilaiti, taa za kuongezea nguvu fulu (ule mwanga wa mbali wa taa kubwa), na ukiziwasha kwenye ukungu wa Limuru au wa milima ya Uporoto utaona weupe mtupu, barabara huioni.

Kazi za taa hizi mbili zinapingana. Ukungu ni matone madogo ya maji yanayoelea hewani, na mwanga ukiyapiga kwenye usawa wa macho yako, hukurudia usoni. Ndiyo maana foglaiti hufungwa chini na kutoa mwanga mpana, bapa, wa karibu, uliokatwa juu kama kwa rula. Inakuonyesha ukingo wa lami na mstari wa pembeni, basi. Spotilaiti hutoa mwanga mwembamba unaokwenda mbali, ili umwone ng'ombe au pundamilia mapema, ungali na nafasi ya kufunga breki.

Dukani usidanganywe na umbo wala rangi. Zipo foglaiti za duara na zipo spotilaiti za duara. Kioo cha njano nacho si ushahidi: kanuni za Umoja wa Mataifa zinaruhusu foglaiti iwe nyeupe au njano, na njano haipenyi ukungu kuliko nyeupe kwa kiasi cha kujivunia. Kama njano inakupumzisha macho, chukua, lakini usiilipie zaidi kwa sababu hiyo.

Soma kioo chenyewe. Herufi E yenye namba ndani ya duara maana yake taa imepitishwa kwa kanuni hizo, na namba ni ya nchi iliyoipitisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi. Karibu na duara hilo, B au F3 ni foglaiti. HR ni fulu ya halojeni (balbu ya waya unaowaka), yaani spotilaiti. Zilizotengenezwa kwa viwango vya Marekani huandikwa SAE, kisha F kwa foglaiti au Y kwa spotilaiti. Alama huigizwa pia, kwa hiyo mwombe muuzaji aiwashe kwa betri akiielekeza ukutani, hatua kama tano. Foglaiti itachora ukanda mpana wenye mstari mkali juu. Spotilaiti itachora doa kali katikati. Mwanga uliotapakaa ovyo, bila mstari wala doa, mrudishie taa yake.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia cha kununua kwanza.

Cha kwanza si taa mpya. Vioo vya taa kubwa vikishakuwa vya njano na ukungu kwa jua, vipigwe polishi, kisha mwanga wa taa uelekezwe upya. Madereva wengi wanaolalamikia giza wakifanya hivi hawarudi tena dukani.

Cha pili, foglaiti za gari lako lenyewe. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja na kifuniko cha plastiki kwenye bampa, pale ambapo foglaiti ingekaa. Tafuta za modeli yako, hata zilizotumika, mradi kioo hakijapasuka na kioo cha ndani cha kurudisha mwanga hakijababuka. Zinakaa kwenye kimo sahihi bila kutoboa kitu. Anayeishi Njombe, Lushoto au Kericho aanzie hapa.

Cha tatu, spotilaiti mbili zenye alama ya HR. Hizi ni za anayesafiri usiku kwenye barabara ndefu zisizo na taa, Dodoma kwenda Singida au Mtito Andei kwenda Voi. Wa mjini atakuwa amenunua pambo.

Cha nne, ile taa ndefu ya LED ya kuweka juu ya kioo cha mbele. Shambani na porini inafaa. Kwenye lami inampofusha anayekuja, na kwenye mvua mwanga wake unadunda kwenye boneti na kukurudia wewe.

Cha mwisho kabisa, balbu ya LED ya kuchomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Ni rahisi na inang'aa, lakini chanzo cha mwanga hakikai pale kioo cha ndani kinapokitarajia, na ule mstari wa juu uliokuwa unaulipia unapotea. Mimi siifungi.

Ukishanunua, pesa ya fundi umeme usiibanie. Taa mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 9 hivi. Zinahitaji rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) na fyuzi yake, wala zisiunganishwe moja kwa moja kwenye swichi ya taa kubwa. Rilei ya spotilaiti ipokee ishara kutoka waya wa fulu, ili ukidimu nazo zizime zenyewe. Foglaiti ziwe na swichi yake, na mstari wake wa juu ukutani ukae chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Kazi hiyo ifanyike gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana likilemewa nyuma, pua huinuka na mwanga nao.