Tahadhari: data ya simu inaisha ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, na matapeli wa "kuirudisha"

Ukilalamika hadharani kwenye X kwamba bando lako limeisha bila kulitumia, haipiti muda inatokea akaunti yenye nembo ya kampuni yako ya simu ikiomba namba yako faraghani. Kisha unapigiwa. Anayepiga ana adabu zote, na tatizo lako analijua vizuri kwa sababu umeliandika mwenyewe. GB zako zitarudi, anasema, ukimsomea tarakimu zilizoingia kwa SMS, au ukitaja namba ya siri ya pesa za simu, au ukilipa kwanza "ushuru wa marejesho". Kata simu. Tarakimu hizo ndizo zinazofungulia WhatsApp yako au akaunti yako ya pesa. Ushuru wa marejesho nao haupo: asilimia 12 inayotozwa kwenye data hapa Uganda tangu Julai 2021, pamoja na VAT ya asilimia 18, vimo tayari ndani ya bei ya bando. Kampuni ikikubali kosa, hurudisha kwenye laini bila kuuliza siri ya mtu.

Matapeli hawa wananenepa kwa sababu wengi wetu hatujui data ilikwenda wapi. Kuunganishwa na waifai hakuizuii simu kuhamia data ya laini. iPhone ina Wi-Fi Assist, swichi ya kuhamia data waifai ikiwa dhaifu, ambayo huja ikiwa imewashwa na imejificha chini kabisa ya ukurasa wa data ya simu, baada ya orodha ndefu ya programu. Kwenye Samsung, swichi kama hiyo itafute ndani ya Intelligent Wi-Fi. Waifai ikilegea, simu inahama yenyewe, haibishi hodi. Mawimbi ya GHz 5 hupenya ukuta wa matofali kwa shida, kwa hiyo rauta ikiwa sebuleni, bando huliwa chumbani.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, rauta inazima, simu haizimi. Kama data iko wazi, filamu inaendelea palepale ilipofikia, na filamu ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Ukiweza, inunulie rauta betri yake ndogo, ila soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta. Nyingi ni 12, si zote.

La VPN, programu inayoficha unachofungua mtandaoni, ndilo linaloleta ugomvi mwingi bure. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, simu nyingi hapa zina VPN inayowashwa na kusahauliwa. Bando la mitandao ya kijamii halitambui kinachopita ndani ya VPN. Kwa hiyo WhatsApp uliyodhani imelipiwa inakatwa kwenye bando la kawaida, na kama halipo, kwenye salio la shilingi kwa bei ya nje ya bando, ambayo ni ghali kuliko zote. Hapo mtu huapa ameibiwa, na mtandao hauna kosa.

Dawa ya hayo yote ni kuzima data ya simu ukifika nyumbani. Kupiga, SMS na menyu za nyota za pesa za simu haziihitaji.

Kama bado una uhakika umekatwa isivyo haki, nenda na ushahidi. Jua kwanza ni laini ipi: ya simu au ile iliyo ndani ya rauta. Ya rauta ikiisha haraka, badilisha neno la siri la waifai kabla ya kumlaumu yeyote. Ya simu, piga skrinshoti ya matumizi ya data kwa kila programu. Kwenye Android panga tarehe zilingane na za bando. iPhone haijifuti yenyewe, hesabu inarundikana, hivyo irudishe sifuri siku ya kununua. Tunza SMS ya ununuzi.

Kisha iombe kampuni mchanganuo wa matumizi: kila kikao (kila mara laini ilipoingia mtandaoni), saa na ujazo. Saa iliyoandikwa inaweza kuwa ya kikao kufungwa, basi usiishie kusema "saa nane usiku nilikuwa nimelala". Tofauti ndogo kati ya simu na kampuni ni ya kawaida. Kampuni ikidai GB 6 na simu ikaonyesha 1, hapo una kesi, mradi laini hiyo haikuwekwa kwenye kifaa kingine. Dai namba ya lalamiko, iandike. Wakikuzungusha, peleka namba hiyo UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, iliyoko Bugolobi, Kampala, au piga bure 0800 222 777. Usianzie huko, watakuuliza kampuni ilijibu nini.

La mwisho ni wauzaji wa rauta "isiyo na kikomo" ikiwa na laini iliyokwisha sajiliwa. Laini iliyo kwenye NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ya mtu mwingine si yako: mchanganuo hupewi, lalamiko halipokelewi, na mwenye jina anaweza kuibadilisha dukani wakati wowote ukabaki na kasha la plastiki. Maneno "isiyo na kikomo" nayo mara nyingi yana kiwango, ukikivuka kasi inashuka. Uliza kiwango hicho ni GB ngapi, na laini isajiliwe kwa kitambulisho chako mbele ya macho yako kabla hujatoa hata shilingi.