Wameniziba gego vizuri, kisha wakaniambia "utazoea"

Naanza kwa kuipa nyota moja kliniki hii ya meno ya hapa Mtwara mjini. Lazima nieleze, maana atakayeona nyota peke yake atadhani waliniharibia jino. Hawakuliharibu. Waliliziba juu kidogo tu, yaani dawa ilizidi kimo cha jino. Kuziba jino juu kidogo kunaweza kumtokea daktari yeyote, hata bingwa mwenye miaka thelathini kazini, na kulirekebisha ni kazi ya dakika nne. Dakika nne hizo ndizo nilizonyimwa. Nilirudi kesho yake nikiwa nimeshika shavu, na daktari, bila kuingia chumbani, akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi, akanijibu: "Mama, utazoea. Hata kiatu kipya kinabana."

Hili si la kuzoea. Nalisema hili kwa hasira kwa sababu najua ni wangapi wanarudishwa nyumbani na neno hilo wakiamini kwamba tatizo ni wao kudeka.

Gego lililozibwa likiwa juu kuliko wenzake, ukifunga mdomo linatangulia kugusa. Mzigo uliopaswa kugawanywa kwa magego yote unabebwa na moja. Kati ya mzizi na mfupa wa taya kuna nyuzi nyembamba zinazolishika jino, nazo zina hisia kali mno. Chukua unywele mmoja, uweke katikati ya magego, uume polepole: utausikia, ingawa unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Basi kimo kama hicho kikikaa juu ya jino kinapigwa kila unapotafuna na kila unapomeza mate, mchana na usiku. Nyuzi zinavimba. Zikivimba zinalinyanyua jino kidogo zaidi, ndiyo maana siku ya pili inauma kuliko ya kwanza na siku ya tatu unaogopa hata kufunga mdomo.

Na kuhusu kiatu: kiatu ni ngozi, kinatanuka. Dawa nyeupe ya kuzibia, ikishapigwa ile taa ya bluu, kwa kawaida sekunde 20 hivi kwa kila tabaka la milimita mbili, inakuwa ngumu palepale. Haitalika kwa wiki mbili ili kukufurahisha. Kitu kingine ndicho kitakachoshindwa kwanza. Ukingo wa dawa utamegeka, au ukuta wa jino utapasuka, au jino la juu linalopigana nalo litaanza kuuma lenyewe, au misuli ya taya itakaza mpaka kichwa kinauma upande wa sikio. Kwa wengi mwili unatafuta njia yake: unaanza kutafunia upande mmoja bila kujua. Maumivu yanapungua, daktari anasema "si umeona, umezoea", kumbe umeacha kulitumia jino ulilolipia.

Kinachofanyika kwenye kiti ni hiki, na mgonjwa ana haki ya kukidai kabla hajashuka. Kuna karatasi nyembamba ya rangi, aghalabu ya bluu au nyekundu, inayoshikwa kwa koleo dogo. Kwanza meno yanakaushwa kwa hewa au pamba. Hapa ndipo wengi wanapokosea: meno yakiwa na mate karatasi haichori vizuri, daktari haoni alama, anasema pako sawa. Baada ya kukausha unaambiwa ugonge meno mara tatu nne, kisha uyasage kushoto na kulia kama ng'ombe anayecheua. Zote mbili zinahitajika. Jino linaweza kuwa sawa kwenye kugonga, likakwama kwenye kusaga, na kutafuna kwetu ni kusaga. Alama nyepesi zilizotawanyika kwenye meno kadhaa ni nzuri. Alama moja nzito juu ya dawa, hasa yenye duara la rangi na weupe katikati, ndiyo mahali palipo juu. Hapo kinapitishwa kichwa cha mashine chenye chembe laini za almasi, kidogo kidogo, meno yanakaushwa tena, karatasi tena, mpaka alama za upande ule zifanane. Mwisho inang'arishwa ili ukoga usishike.

Kwangu karatasi ilipita mara moja, juu ya mate, nikiwa nimelala chali na nusu ya uso imekufa ganzi. Hayo ni makosa matatu kwa mpigo. Mtu mwenye ganzi hawezi kusema kwa uhakika anaumaje. Ulimi wenyewe hajui uko wapi. Mtu aliyelala chali taya lake limerudi nyuma kidogo. Ndiyo maana hatua ya mwisho ni kumwinua mgonjwa, akae wima, agonge tena. Na ndiyo maana daktari mwangalifu humwambia: ganzi ikiisha, saa tatu au nne kutoka sasa, ukiona jino linatangulia, rudi kesho. Kurudi ni sehemu ya kazi. Hakuniambia hivyo, na nilipojirudisha mwenyewe alinitazama kama niliyekuja kukopa.

Hakunikalisha kwenye kiti. Hakunifungua mdomo. Aliandika karatasi: amoksilini, metronidazo, diklofenaki, na kusukutua maji ya moto ya chumvi. Hapa ndipo nyota zote zilipoondoka. Antibiotiki inaua bakteria. Haishushi dawa iliyo juu. Hapakuwa na uvimbe wala usaha, hapakuwa na homa, na hata kama angeshuku vipo asingejua bila kutazama. Kumeza antibiotiki mbili kwa jino lililozibwa juu ni kujiharishia tumbo bure na kuwafundisha wadudu usugu, ili siku jipu la kweli likija dawa igome. Diklofenaki itatuliza, ndiyo, na wenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au ujauzito itawaletea balaa jingine. Hakuniuliza hata kimoja kati ya hivyo. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, yanafaa sana kuanzia siku ya pili baada ya kung'oa jino. Kwa jino lililo juu hayana kazi.

Lakini nikiwa mkweli lazima niseme lililo jema, na ni jema kwelikweli. Ganzi walipiga vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Walipaka kwanza dawa ya kufisha ufizi ganzi, wakasubiri, kisha wakasukuma ganzi ya sindano polepole karibu dakika nzima. Maumivu ya sindano ya meno mara nyingi yanatokana na haraka ya mkono, maana ganzi ikisukumwa kwa kasi inatanua nyama. Tundu lilisafishwa mpaka penye jino gumu. Lilikuwa ubavuni, kati ya gego na gego, kwa hiyo walizungusha mkanda wa chuma na kupachika kabari ndogo ya mti ili ukuta mpya ubanane na jirani. Nimepitisha uzi wa meno: unaingia kwa kubana, unasikika "tak", unatoka haujachanika. Ukuta ukiwa bapa au una mwanya, nyuzi za nyama na pweza zinakwama hapo kila mlo na ufizi unaoza taratibu. Kazi hiyo walifanya kifundi. Kwa hilo naongeza nyota ya pili, na kama si yule wa mlangoni ningefika ya tano.

Kwa mliozibwa karibuni na hamna uhakika, jipimeni hivi ganzi ikiisha kabisa. Kaa wima, mdomo uwe huru, funga meno polepole bila kukaza. Jiulize lipi limegusa kwanza. Kisha kata kipande cha karatasi nyembamba kama ya kufungia pipi, upana wa sentimita moja, kiweke kwenye magego ya upande ambao haukuzibwa, uma, uvute. Kikishikwa ni dalili nzuri. Kikiteleza chote upande ule, na kabla ya kuziba kilikuwa kinashikwa, jino lililozibwa linawazuia wenzake wasikutane. Ndiyo maana mtu atakayekwenda kuziba afanye jaribio hili nyumbani kabla ya kwenda, maana wapo ambao meno yao hayakutani yote tangu mwanzo. Ugali wa muhogo usikudanganye; ni laini, unaweza kuula siku tatu usigundue. Korosho ya kukaanga moja tu inakuonyesha. Na usithubutu kujikwangulia mwenyewe kwa tupa ya kucha au msasa. Huwezi kuona alama, na unaweza kukwangua jino lenyewe badala ya dawa.

Tofautisheni pia maumivu. Jino lililozibwa linaweza kushtuka kwa maji baridi siku kadhaa, hata wiki mbili, mshtuko mfupi unaoondoka ukimeza. Hilo hupungua lenyewe. Linalouma ukiuma tu, na likiachwa limetulia, mara nyingi liko juu, rudi likapunguzwe. Linalokuamsha usiku, linalopwita, linaloendelea kuuma nusu dakika na zaidi baada ya chai ya moto, hapo kiini cha jino kinakufa na kinachohitajika ni kutibu mzizi au kung'oa. Ukivimba shavu au chini ya taya, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo. Mtu anayesema "utazoea" bila kutazama hajui ni lipi kati ya haya umemletea. Hilo ndilo linalonitisha hata leo.

Siku chache baadaye nilirudi mara ya tatu, na yule bwana hakuwepo. Kwenye chumba cha mwisho alikuwepo tabibu kijana. Hakuniuliza kwa nini sikuzoea. Aliniuliza: "Mama, linagusa kwanza ukifunga, au ukisaga?" Nusura nilie. Akakausha, karatasi nyekundu kwa kugonga, akakausha tena, karatasi ya bluu kwa kusaga, ili rangi zisichanganyike. Alama mbili, moja nene kama punje ya mtama. Akapunguza, akaniinua nikae wima, akarudia, akang'arisha. Tangu nikae mpaka nishuke hazikufika dakika tano. Akaniambia litabaki na uchovu siku kadhaa kwa kuwa nyuzi zimeshavimba, nitafunie upande mwingine kwanza, na likiuma baada ya wiki mbili nirudi apige picha. Jioni ile nilifunga mdomo bila woga. Kwa kijana huyo natoa nyota nne.

Akanipa na maelezo ya kulitunza, mafupi na ya kweli: dawa haiozi lakini jino linalozunguka dawa linaoza, na mara nyingi linaanzia ukingoni. Kuswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, moja ikiwa ya mwisho kabla ya kulala. Kutema povu bila kusuuza kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Ukila embe mbichi au ukinywa maji ya mabibo au ndimu, subiri walau nusu saa ndipo uswaki, kwa sababu asidi inalainisha jino. Soda na chai ya sukari zinywewe pamoja na mlo, zisivutwe kidogo kidogo mchana kutwa. Idadi ya mara jino linapopakwa sukari inadhuru kuliko wingi wa mara moja. Akasema pia nisipasue korosho mbichi kwa meno, jambo ambalo huku kwetu halina budi kusemwa kila msimu. Ganda linapasua dawa, na mafuta yake yanaunguza midomo.

Ningeishia kwenye nyota nne. Ila wakati wa kutoka, kwenye dirisha la malipo, nilidaiwa tena shilingi elfu kumi za kumwona daktari. Kwa kazi yao wenyewe waliyoiacha nusu! Nilionyesha risiti ya kwanza. Dada wa dirishani, mpole na hana kosa, akasema ndivyo alivyoelekezwa. Marekebisho ya jino mlilolizibia wiki hiyohiyo yanapaswa kuwa ndani ya bei ya kuziba. Mnapoyatoza upya, aliyetoka Nanyamba kwa nauli yake hatarudi. Atatafunia upande mmoja mpaka jino lipasuke, kisha mtamng'oa na kumtoza tena. Na nikiwa nimekaa benchi kumwekea mume wangu miadi, nilimsikia yule bwana amesharudi, anamwambia bibi mmoja mlangoni neno lilelile.

Nashusha ziwe mbili. Moja ni ya ile kazi ya kuziba, nyingine ni ya chumba cha mwisho. Mkienda, mwombeni yule kijana, bebeni risiti ya kwanza, na msishuke kwenye kiti kabla hamjakaushwa meno na kukalishwa wima.